Ushungi wa Kuazima

Siku hizi ukipanda basi Mpanda alfajiri, chakula cha mchana unakula Tabora. Barabara ni lami tupu. Nilipita njia hiyo miezi michache iliyopita, nikiwa na robota langu la vitenge vya kupeleka mnadani, na nilipoona mabati ya mji yakimetameta mbele nikajisikia kama mtu aliyepunjwa. Safari ilikuwa fupi mno. Tabora niliyoijua mimi ilikuwa mji wa kufikiwa kwa tabu.

Mara ya kwanza nilifika kwa treni. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimefaulu kwenda sekondari, na shule niliyopangiwa ilikuwa ya kutwa, huko huko Tabora alikoishi bibi yangu mzaa mama. Baba alikuwa fundi wa njia ya reli. Alinipandisha behewa la daraja la tatu, akanikabidhi kwa mama mmoja aliyekuwa anakwenda Dodoma, akashuka bila kugeuka. Mama alikuwa amenifungia karanga za kukaanga na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, akaniambia nisivimalize kabla ya Kaliua. Nilivimaliza kabla ya Kaliua.

Kaliua tulisimama saa nyingi tukingoja mabehewa yetu yaunganishwe na treni iliyotoka Kigoma. Wanawake walipita chini ya madirisha wakiuza asali kwenye chupa, na asali ile ilikuwa na nyuki wawili watatu wamekufa ndani yake, ndipo mnunuzi aamini kuwa si sukari. Nililala nimeegemea bega la yule mama. Urambo niliamshwa na harufu ya tumbaku, nzito na tamu, ikiingia dirishani kama mtu anayetafuta nafasi ya kukaa. Tulipofika Tabora jua lilikuwa limeshatoka na shingo yangu ilikuwa imekakamaa upande mmoja.

Bibi alikuwa amesimama karibu na mizani ya mizigo, khanga moja kiunoni na nyingine kichwani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hiki ndicho kisanduku chako?" Akakinyanyua, akakitua kichwani mwake.

"Bibi, niachie nibebe mwenyewe."

"Babu yangu alibeba robota la nguo begani kutoka pwani mpaka mji huu. Mimi kibati hiki kitanishinda? Twende, mke mwenzangu."

Ndivyo alivyoniita tangu siku ile, kwa utani wa mabibi, ingawa huyo mume wetu wa pamoja, babu yangu, alikuwa ameshafariki kabla sijazaliwa.

Nyumba yake ilikuwa upande wa Gongoni, nyumba ya udongo yenye baraza na mlango mzito wa mninga. Nyuma yake kulikuwa na kichochoro kipana kuliko vichochoro vingine, na bibi alisema ile ni sehemu ya njia ya zamani, waliyopita wapagazi wakitoka pwani kuelekea Ujiji. Sijui kama ni kweli. Kila mwenye nyumba upande ule alisema njia ilipita nyuma kwake. Lakini bibi alikuwa na hoja yake: alisema babu yake alikuwa na sugu begani, kubwa kama kitumbua, na kwamba watu walipotaka kujua thamani ya mke, ya jembe, ya meno ya tembo, walihesabu kwa nguo. "Nguo ilipofika hapa," alisema, "ilikuwa imeshalowa jasho la mtu miezi mitatu. Usiidharau nguo."

Aliishi kwa vitumbua. Jioni niliroweka mchele, alfajiri tuliutwanga kwenye kinu, mimi mchi mmoja na yeye mmoja, tukipokezana bila kugongana. Mpaka leo nikisikia kinu mahali, mkono wangu unangoja zamu. Adhana ikiisha, kengele ya kanisa nayo ilikuwa inaanza kulia, na katikati ya hizo mbili kulikuwa na kimya kifupi cha mafuta kuchemka kwenye chuma cha vitumbua. Kisha nilioga, nikavaa sketi ya kijani na shati jeupe, nikaenda shule na vitumbua viwili mfukoni, kimoja changu na kimoja cha rafiki yangu.

Rafiki yangu huyo tuliketi dawati moja. Alikuwa binti wa wakulima wa tumbaku kutoka Urambo, Mmoraviani, aliyepangiwa chumba kwa shangazi yake mtaa wa Ipuli. Tulikuwa kimo kimoja, weusi mmoja, nywele zimekatwa fupi kama shule ilivyotaka. Walimu walituchanganya. Mwalimu wa hesabu, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinipigia kelele kwa makosa yake na kumpigia yeye kwa yangu, na sisi tulifurahia sana jambo hilo. Kwa msichana aliyetoka mbali, hakuna raha kama kuchanganywa na mtu wa pale.

Nakueleza haya ili uelewe nilichokuwa naogopa kukipoteza. Darasani kwetu kulikuwa na wasichana wa Kiislamu wapatao kumi na watano, na wenye kuvaa ushungi shuleni walikuwa sita. Shule haikukataza. Mkuu alikuwa amesema anayetaka na avae, mradi uwe mweupe na safi. Kwa hiyo hapakuwa na wa kunilazimisha wala wa kunizuia, na ndiyo maana ilikuwa vigumu. Nyumbani nilijifunika nikiswali na nikienda chuoni kusoma Kurani, na nilikuwa nimeanza kuona kwamba asubuhi nikivua ile khanga na kutoka kichwa wazi, kuna mtu ninamwacha mlangoni. Nilipita barabarani mwili unanichoma. Lakini nikivaa, hakuna mwalimu atakayetuchanganya tena.

Bibi hakunigusia hata siku moja. Mara moja tu, nikiwa ninampepetea mchele, alisema bila kunitazama: "Ushungi si kofia ya mtoto mchanga, avalishwe amelala. Siku ukiutaka, sema. Tutakwenda dukani."

Kusema ndiko kulikonishinda. Nikisema, bibi atafurahi. Atawaambia majirani. Nikibadili mawazo baada ya wiki, nitakuwa nimemvunja uso. Nilitaka kwanza nijaribu kwa siri, kama mtu anayetia kidole majini kabla ya kuoga.

Jumamosi moja bibi alipokwenda stesheni na kapu lake la vitumbua, niliingia chumbani kwake nikafungua sanduku la mbao lililokuwa chini ya kitanda. Nilijua kuna nguo nyeupe mle, nilishawahi kuiona. Ilikuwa chini kabisa, imeviringishwa ndani ya khanga kuukuu pamoja na kijikaratasi chenye vipande vyeupe vya kitu kinachonukia vikali. Nikadhani ni dawa ya kufukuza nondo. Ndani kulikuwa na vipande vya bafta, vikubwa na vidogo, vimechanwa tayari kwa mkono, havina pindo. Kimoja kilikuwa saizi ya ushungi hasa. Nilikizungusha kichwani mbele ya kioo cha bibi, kikanitosha kama nimepimwa. Nikasema moyoni, Mungu amenirahisishia.

Nilikipiga pindo kwa mkono siku ile ile, nyuma ya nyumba, mishono midogo midogo kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Jumatatu nilitoka nyumbani kichwa wazi. Kwenye kona ya msikiti nikakitoa mfukoni, nikavaa.

Rafiki yangu aliniona nikiingia darasani, akanitazama muda mrefu. "Kumbe una masikio mabaya," akasema. "Ndiyo maana umeamua kuyaficha."

Wavulana wa nyuma hawakukawia. "Sista! Sista, tuombee, Ijumaa kuna jaribio!"

Nilicheka nao. Kisha akaingia mwalimu wa hesabu, akasimama mbele ya dawati letu, akavua miwani na kuivaa tena. "Alhamdulillahi," akasema yule mzee, naye ni Mkatoliki, "leo nimepata dawa. Huyu ni huyu na yule ni yule." Darasa zima likaangua kicheko. Rafiki yangu hakucheka. Alisogeza daftari lake kidogo, upana wa kidole tu, na mimi niliona.

Mapumziko, msichana mmoja wa darasa letu, mtoto wa fundi cherehani wa mjini, mmoja wa wale sita, alikuja mbio akanikumbatia. "Karibu, shoga! Karibu sana." Halafu akarudi nyuma, akanusa. "Mbona ushungi wako unanukia msiba?"

"Msiba gani?"

"Hiyo ni kafuri. Tumemzika bibi yangu mwezi uliopita, harufu hii siwezi kuisahau. Nguo hii umeitoa wapi?"

Niliuvuta ukingo wake puani nikanusa. Ni kawaida ya vikongwe wa Kiislamu mji ule, na miji mingine pia, kujinunulia sanda wakiwa hai, kuichana, kuipanga na kuiweka sandukuni pamoja na kafuri yake, wasije wakawatia watu taabu siku hiyo. Sanda ya mwanamke ina vipande vitano, na kimoja kati yake ni ushungi. Nilikuwa nimekaa darasani asubuhi nzima na sanda ya bibi yangu kichwani.

Nilipofika nyumbani bibi alikuwa barazani, ungo mapajani. Niliuvua nikamwekea juu ya magoti. Alipitisha vidole kwenye ukingo taratibu, kama anasoma.

"Umepiga pindo," akasema.

"Bibi, sikujua. Naapa sikujua."

"Mishono mizuri." Akaendelea kupapasa. "Lakini ile haipigwi pindo. Pindo hupigiwa nguo isichakae. Ile haina haja ya kudumu."

Nikaanza kulia. Aliniacha nilie, akachambua mawe mawili matatu kwenye mchele, akayatupa uani.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliona haya. Nilitaka kujaribu kwanza."

"Na umejaribu. Ukoje?"

Nilifikiri. "Mzito kidogo," nikasema. "Lakini nautaka."

"Kipya ni cha aliye hai," bibi akasema. "Haya, nimekuazima. Siku yangu ikifika utanirudishia. Nikipata nafasi nitakununulia wako."

Nilimwambia asininunulie, huu unatosha. Wakati ule nilidhani ni adabu tu ya kutotaka kumgharimu. Sababu yenyewe ilikuja baadaye, na aliyenipa ni rafiki yangu. Wiki ile hatukuzungumza sana. Siku ya Ijumaa nilimgawia kitumbua chake nikamweleza kila kitu, sanduku, kafuri, pindo. Alitafuna akiniangalia kwa macho makubwa.

"Kwa hiyo ukiuvaa wewe, bibi yako ana sanda pungufu?"

"Ndiyo."

"Basi hawezi kufa. Atakwendaje safari nguo hazijatimia?"

Alisema kwa mzaha, na mzaha ule ndio uliotupatanisha. Daftari lake lilirudi mahali pake. Ila mimi niliondoka na yale maneno kama nimepewa hati. Nilikuwa na miaka kumi na minne tu, na kwa umri ule mtu anaweza kujua kabisa kwamba jambo si kweli na bado akalilinda kama kweli. Kila jioni niliufua ushungi ule, nikautia buluu kidogo, nikaupiga pasi ya mkaa, kisha nikauvaa tena nikijua kwamba ninamzuia mtu mlangoni. Sikuuvua nikifagia uwanja. Sikuuvua nikilala. Wanawake wa mtaani walinisifu, wakawaambia binti zao, "Mtazameni mjukuu wa bibi vitumbua." Mwalimu wa chuoni alinitolea mfano. Nilisifiwa imani, na mimi nilikuwa askari wa zamu tu.

Hivyo ndivyo nilivyopita kidato cha kwanza na cha pili. Mvua zilikuja, tukaenda na rafiki yangu kuokota uyoga kwenye miti nje ya mji. Jua likaja, tukaanika michembe ya viazi juu ya bati na kufukuza mbuzi wa jirani. Naweza kukuhadithia siku nzima.

Kidato cha tatu bibi alianza kuvimba miguu. Kwanza aliacha kwenda stesheni, akauzia barazani. Kisha akaacha kutwanga. Nikawa natwanga peke yangu, na mlio wa mchi mmoja ni mlio mwingine kabisa. Kadiri alivyodhoofika ndivyo nilivyokaza ushungi. Nikawa sithubutu hata kuufua ukakaa kambani. Niliufua nikauvaa ungali majimaji, nikaenda nao shule maji yakinitiririka mgongoni. Rafiki yangu aliniambia, "Utapata kichomi, wewe." Hakukumbuka hata kidogo kwamba ni yeye aliyeniambia lile neno.

Alasiri moja bibi aliniita ndani. Alikuwa amelala ubavu, uso kwenye mlango.

"Ushungi una maji," akasema. "Vua ukauke."

"Utakauka kichwani, bibi."

"Vua."

Sikuvua. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumkaidi. Alijikongoja akakaa.

"Unauvaa kwa ajili ya nani?"

"Ya Mungu."

"Usiongope, mke mwenzangu."

Nikainama. Nilisema kwa sauti ndogo sana kwamba nikiuvua, sanda itatimia. Bibi alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamtegemeza mgongo kwa kiganja, na kilipomwachia alikuwa analia machozi, sijui ya kicheko au ya nini.

"Mtoto wewe. Miaka yote hii umekaa mlangoni unanilinda na kitambaa? Mimi nitakufa hata ukivaa hema." Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto. "Ulikuwa umeniazima kichwa chako, kumbe. Sitaki kwenda kwa Mola wangu nimebeba kichwa cha mtu. Lete sindano. Fumua pindo."

Nilifumua mbele yake, nimekaa sakafuni. Mishono ile midogo niliyojivunia ilichukua muda mrefu kutoka. Uzi mmoja mmoja niliuvuta nikauweka kwenye kiganja chake kilichokuwa wazi, naye akaushika kama ninampa chenji. Ulipokwisha, nilikunja kile kitambaa, nikafungua sanduku, nikakirudisha katikati ya vile vipande vinne vingine, nikafunga khanga. Sijawahi kufanya kazi nzito kuliko hiyo, na nimeshusha mizigo ya malori.

"Kesho nenda shule na kichwa chako mwenyewe," bibi akasema. "Ukitaka kuvaa, nilichokuambia siku ile ukipepeta mchele unakijua. Usipotaka, wewe ni mjukuu wangu."

Kesho yake nilikwenda kichwa wazi. Upepo ulinipita masikioni, na nisikudanganye, ulikuwa mtamu. Yule binti wa fundi cherehani alinikabili getini: "Imekuwaje? Umechoka na dini?" Nikamwambia nguo ilikuwa ya kuazima na mwenyewe ameitaka. Mwalimu wa hesabu alinirushia chaki kwa kosa la rafiki yangu, darasa likacheka, na rafiki yangu akanibana kiwiko kwa furaha. Tulikuwa tumerudi kuwa mtu mmoja. Nilikuwa nimekililia kitu hicho zaidi ya miaka miwili.

Siku tatu zilipita hivyo. Siku ya nne, nikiingia getini, mkono wangu uliinuka wenyewe kurekebisha ncha ya ushungi ambao haukuwepo. Nilisimama pale mkono uko hewani. Nikajichunguza kama mtu anayejipapasa mifuko. Hofu haikuwepo; sanda ilikuwa imetimia na nilikuwa nimeshalia kwa ajili hiyo. Sifa hazikuwepo, zilikuwa zimeshageuka kuwa manong'ono. Na bado nilikuwa nautaka. Kilichobaki kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa changu.

Wa kwanza kumwambia alikuwa rafiki yangu, safari hii kabla ya kuvaa. Alichora mistari kwenye dawati kwa ukucha. "Basi wakituuliza tena," akasema mwisho, "nitawaambia mwenye ushungi ndiye mbumbumbu wa hesabu."

"Na ni kweli."

"Na ni kweli," akasema, akanigongea bega.

Nyumbani nilimkuta bibi barazani, miguu juu ya kigoda.

"Bibi," nikasema, "twende dukani."

Hakuuliza kununua nini. Alivaa khanga zake, akachukua fimbo. Duka la nguo lilikuwa mwendo wa dakika kumi. Sisi tulitumia saa nzima. Tulipumzika kwenye baraza ya msikiti, tukapumzika kwa muuza mkaa, na kila tulipokaa watu walimwamkia na yeye akawajibu marahaba kama aliyetoka kutembea tu. Mwenye duka, Mwarabu mmoja wa pale pale Tabora aliyekuwa akizungumza Kinyamwezi vizuri kuliko mimi, aliteremsha jora la tetroni nyeupe.

"Ya ushungi, bibi? Wako?"

"Wangu upo tayari," bibi akasema. "Huu ni wa mke mwenzangu."

Mwenye duka alipima kwa mkono, akakata kidogo ukingoni, kisha akaichana. Mlio ule ninausikia kila siku ya mnada, nikimchania mteja kitambaa, na kila siku unanifungulia mlango ule ule. Usiku sikushona. Nilingoja mchana wa Jumapili, nikashona mbele ya bibi, naye akakagua mshono kwa mshono. "Pindo nene," aliniamuru. "Huu nataka udumu."

Bibi alifariki wakati wa kipupwe, asubuhi, mafuta yakiwa bado hayajawekwa motoni. Jirani yetu, mwanamke mtu mzima aliyekuwa akiwaosha marehemu wa mtaani, aliniita chumbani nimsaidie. Alifungua ile khanga, akatandika vipande mkekani kimoja kimoja. Alipofika kwenye ushungi alisita, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni kote kulikuwa na vitundu vya sindano, mstari mrefu wa vitundu, na nguo yenyewe ilikuwa imelainika kwa kufuliwa kuliko vile vingine.

"Huu umevaliwa," akasema.

"Niliuvaa mimi. Shuleni."

Alinitazama, akautazama ushungi wangu mpya. "Ni safi," akasema. "Unafaa." Akamfunga nao bibi yangu.

Safari hii ya juzijuzi nilikwenda kuitafuta nyumba. Mahali pake kuna duka la simu, na ile njia ya nyuma imejengwa ukuta. Nilisimama nikaulizwa na kijana wa duka, "Mama, nikusaidie nini?" nikanunua vocha. Mwarabu na jora lake la tetroni hawapo. Stesheni ipo, lakini hapakuwa na mtu mwenye kapu la vitumbua. Rafiki yangu nasikia yuko Urambo, ana shamba la tumbaku na wajukuu. Sikumtafuta. Niliogopa kwamba sasa hakuna atakayetuchanganya hata tukikaa dawati moja. Mimi nimehama mno. Tangu nitoke Tabora sijakaa mji mmoja miaka mitano kamili, na vitu vingi nimeviacha kwenye vyumba vya kupanga. Ushungi sikuuacha. Huu nilionao sijui ni wa ngapi, na maneno mazuri ya kuueleza sina zaidi ya hayo niliyokupa.

Siku niliyoondoka kabisa ilikuwa wiki moja baada ya mtihani wa kidato cha nne. Mjomba alikuwa ameshapata mnunuzi wa nyumba. Mimi nilipewa sanduku la mbao, tupu. Rafiki yangu alikuja stesheni kutoka Ipuli na karanga za kukaanga kwenye mfuko wa nailoni. "Usizimalize kabla ya Kaliua," akasema, kwa maana nilishamsimulia. Treni ilipoanza kusogea alitembea sambamba na dirisha langu, halafu akakimbia, halafu nikawa simwoni.

Sikuzigusa zile karanga. Nilikaa na sanduku magotini, ushungi wangu mweupe kichwani. Tangu msiba niliulaza mle ndani kila usiku, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuuweka, na kafuri haikuwa imetoka mbaoni. Harufu ya tumbaku ilipoanza kuingia nikajua tumekaribia Urambo. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akaacha kumnyonyesha mtoto wake, akanusa, akaniangalia kwa huruma.

"Pole, mwanangu," akasema. "Unatoka msibani?"

"Hapana, mama," nikamjibu. "Natoka shule."